Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Udhibiti wa Kijenetiki wa Kuzimwa kwa Kromosomu X kwa Panya

Panya jike ana kromosomu X mbili, na dume ana X moja pamoja na Y. Ili kiasi cha mazao ya jeni za X kilingane kati ya jinsia hizi mbili, kila seli ya jike huzima X moja mapema katika ukuaji wa kiinitete, na seli zote zitakazotokana na seli hiyo huendelea kuizima X ileile maisha yote ya mnyama. Mwaka 1949 Barr na Bertram walikuwa wameona kidonge cheusi ndani ya viini vya seli za neva za paka jike, na mwaka 1959 Ohno na wenzake wakaonyesha kwamba kidonge cha namna hiyo ni X moja iliyojikunja. Mary Lyon, aliyefanya kazi Harwell nchini Uingereza, ndiye aliyeyaunganisha mambo hayo mwaka 1961, alipotazama mabaka ya rangi katika manyoya ya panya majike wenye aleli mbili tofauti, yaani matoleo mawili, za jeni za rangi zilizo kwenye X.

Lyon alieleza kwamba uchaguzi wa X ya kuzimwa hufanywa kwa bahati nasibu katika kila seli. Hoja hiyo imesimama, lakini katika miaka ya 1960 kazi za Bruce Cattanach zilionyesha kwamba nasibu hiyo haigawi sawa kila mara: ziko X ambazo zikikutana na nyingine hubaki zikifanya kazi katika seli nyingi zaidi ya nusu. Sehemu ya kromosomu inayosababisha tofauti hiyo inaitwa Xce. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupima mwegemeo huo, kuuthibitisha, kisha kuutafutia mahali pake kwenye kromosomu. Nasisitiza neno kuthibitisha, kwa sababu kuona uwiano wa 70 kwa 30 katika tishu ya panya ni kazi nyepesi, ilhali kuonyesha kwamba uwiano huo umetokana na uchaguzi wenyewe ndiko kuliko na uzito. Mambo matatu hutoa matokeo yanayofanana na uchaguzi ulioegemea: chapa ya mzazi (X kuzimwa kwa kutegemea imetoka kwa mama au kwa baba), ushindani wa seli baada ya uchaguzi, na upendeleo wa kipimo. Kila hatua hapa chini imepangwa ili moja au zaidi ya hayo liondolewe mezani.

Hatua ya kwanza: kuzitambua sehemu zinazohusika

Jeni ya Xist, iliyotambuliwa mwaka 1991, hutoa RNA yenye urefu wa takriban nyukleotidi 17,000 isiyotafsiriwa kuwa protini. RNA hiyo haitoki nje ya kiini, bali huifunika kromosomu ileile iliyoizalisha na kuanzisha kuzimwa kwake. Mwaka 1996 ilithibitishwa kwa panya kwamba X iliyoharibiwa Xist haiwezi kuzimwa. Tsix, iliyoelezwa mwaka 1999, hunakiliwa kwa mwelekeo wa kinyume juu ya Xist na huizuia. Ukiiondoa kwenye X moja ya jike, X hiyo ndiyo inayozimwa. Xite iko jirani na Tsix na huitia nguvu. Rnf12, ambayo pia huitwa Rlim, ni ya aina nyingine: hutoa protini inayosababisha kuvunjwa kwa protini REX1, ambayo nayo huizuia Xist.

Tofauti kati ya makundi haya mawili ndiyo msingi wa mpango mzima wa kazi. Protini ya Rnf12 husambaa katika kiini chote, kwa hiyo inazifikia X zote mbili. Inaweza kuamua iwapo kuzimwa kutaanza, lakini peke yake haiwezi kuipendelea X hii dhidi ya ile. Upendeleo lazima utokane na kitu kilichoshikamana na kromosomu yenyewe, kama zilivyo Xist, Tsix, Xite na Xce. Ukipata tofauti ya kijenetiki iliyo kwenye kromosomu isiyo X na inayobadilisha mwegemeo, usiitupe, ila fahamu kwamba inafanya kazi kwa kupitia tofauti ambayo tayari iko kati ya X mbili.

Xce ina aleli kadhaa zinazopangwa kwa nguvu. Dhaifu kabisa ni Xce a, inayopatikana katika koo, yaani nasaba za panya wa maabara, za C3H, CBA, BALB/c, A/J na 129. Inafuatiwa na Xce b ya C57BL/6 na DBA/2, kisha Xce c ya CAST/EiJ, na Xce d ya Mus spretus, ambayo ni spishi nyingine ya panya. X yenye aleli yenye nguvu zaidi ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kubaki ikifanya kazi. Katika jike mwenye Xce a na Xce c, X yenye aleli dhaifu hubaki ikifanya kazi katika robo hadi theluthi ya seli hivi, na majike wa koo moja, ambao X zao zinafanana, huwa na wastani wa nusu kwa nusu.

Hatua ya pili: kupandisha kwa pande zote mbili

Chagua koo mbili zenye aleli tofauti za Xce na zenye tofauti nyingi za herufi za DNA, ili RNA ya kila X iweze kutambuliwa asili yake. C57BL/6J na CAST/EiJ ni chaguo la kuaminika, kwa sababu jenomu za koo zote mbili zimesomwa kwa kina na tofauti zao zimeorodheshwa katika hifadhi za wazi.

Pandisha jike wa C57BL/6J kwa dume wa CAST/EiJ, na pia jike wa CAST/EiJ kwa dume wa C57BL/6J. Usikubali kufanya upande mmoja tu, hata kama koo mojawapo inazaa kwa shida. Katika panya, X iliyotoka kwa baba huzimwa peke yake katika kiinitete kichanga, na hali hiyo hudumu katika tishu zitakazounda kondo la nyuma. Takagi na Sasaki waliligundua jambo hili mwaka 1975. Katika seli zitakazounda mwili wa mtoto, X ya baba huwashwa tena wakati wa blastosisti (kiinitete kikiwa mpira mdogo wa seli wenye uwazi ndani), kisha uchaguzi wa nasibu hufanyika siku chache baadaye, karibu na wakati kiinitete kinapojipachika katika mji wa mimba. Licha ya kufutwa huko, athari ndogo ya mzazi imewahi kupimwa hata katika tishu za mwili. Ukiwa na pande zote mbili za upandishaji, athari ya koo itabaki upande uleule wa C57BL/6J na CAST/EiJ, na athari ya mzazi itageuka. Ukiwa na upande mmoja, hizo mbili hazitenganishiki kwa hesabu yoyote.

Hatua ya tatu: kuamua idadi ya wanyama

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hazijaanza. Uchaguzi hufanywa na seli chache za kiinitete, na mwili wote hutokana na seli hizo. Hata pale ambapo nafasi ni nusu kwa nusu, panya mmoja anaweza kupata 40 kwa 60 na ndugu yake wa tumbo moja 55 kwa 45, bila sababu yoyote ya kijenetiki. Tuchukulie kwamba seli 25 zimefanya uchaguzi: mkengeuko kati ya panya na panya utakuwa kipeuo cha pili cha 0.25 kugawanywa kwa 25, yaani 0.1. Kwa mkengeuko huo, ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti ya 0.1 kati ya makundi mawili, katika kiwango cha kawaida cha umuhimu wa kitakwimu cha 0.05, unahitaji majike 16 hivi katika kila kundi. Tofauti ya 0.2 huhitaji wanne hivi, na tofauti ya 0.05 huhitaji zaidi ya 60.

Jambo linalofuata kutoka hapo ni kwamba kipimo kimoja cha utafiti ni panya mmoja. Seli elfu kumi za panya mmoja, au vipande milioni vya RNA vilivyosomwa kutoka kwake, vinakuambia kwa usahihi mkubwa uwiano wa panya huyo, lakini havikuambii lolote zaidi kuhusu nafasi iliyokuwepo wakati wa uchaguzi. Vivyo hivyo, ubongo, wengu na ini la mnyama mmoja si sampuli tatu huru, kwa kuwa uchaguzi ulifanyika kabla tishu hizo hazijatengana. Andaa maombi ya kibali cha kutumia wanyama ukiwa na hesabu hizi mkononi. Kamati yoyote makini itakuuliza kwa nini umeomba 32 na si 10, na jibu lake ni hili.

Hatua ya nne: kukusanya tishu

Kwa panya waliokua, ubongo ni tishu nzuri ya kuanzia, kwa sababu jeni nyingi za X hufanya kazi humo. Ongeza tishu moja ambayo seli zake hugawanyika sana, kama vile wengu. Faida yake itaonekana katika hatua ya saba. Kutoka kwa kila mnyama, toa DNA na RNA katika kipande kilekile cha tishu.

Kwa viinitete vya siku 6.5 hadi 7.5 baada ya mama kupandishwa, umakini unapaswa kuongezeka maradufu. Chini ya hadubini, tenga epiblasti, ambayo ni mwili wenyewe wa kiinitete, na tishu za kondo pamoja na utando wa nje wa endodemu, na usiache hata kipande kidogo cha nyama ya mji wa mimba ya mama. Katika utando huo wa nje X ya baba imezimwa katika kila seli. Iwapo asilimia 10 ya sampuli yako ni utando huo, uwiano wa kweli wa 0.50 kwa X ya mama utasomeka kuwa 0.55, na kosa hilo litafanana kabisa na athari ya mzazi.

Baada ya hapo, tambua jinsia. Jozi moja ya praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) inayoshika Kdm5c ya X na Kdm5d ya Y hutoa bendi mbili kwa dume na moja kwa jike. Kisha hakikisha katika DNA kwamba jike ana aleli zote mbili za X. Panya wenye X moja tu bila Y huishi na huzaa, na mmoja wao akiingia katika kundi lako atasomeka kama jike aliyeegemea upande mmoja kwa asilimia 100.

Hatua ya tano: kupima uwiano

Njia mbili zinatosha. Ya kwanza ni kuchagua jeni chache zenye tofauti ya herufi moja kati ya koo, kugeuza RNA kuwa DNA, kuikuza kwa PCR (njia ya kuinakili DNA mara nyingi), na kupima uwiano wa herufi hizo mbili kwa pairosikwensi (njia ya kusoma herufi za DNA moja baada ya nyingine). Ya pili ni kusoma RNA yote na kuhesabu vipande vya kila aleli katika jeni zote za X. Njia ya kwanza ni rahisi na inafaa pale wanyama wanapokuwa wengi. Ya pili inakupa mamia ya mashahidi katika panya mmoja, na kwa uchunguzi wa mara ya kwanza ningeipendelea hiyo.

Ukitumia pairosikwensi, andaa sampuli za rejea kwa kuchanganya RNA za koo safi kwa uwiano unaoujua: 0, 25, 50, 75 na 100. Pima pia DNA ya kila jike, ambayo lazima isome nusu kwa nusu. Praima ikiipendelea aleli moja, mstari wa sampuli za rejea utapinda, na DNA itakwenda pamoja nao. Praima ya namna hiyo ibadilishwe, kwa sababu marekebisho ya hesabu hufaa kwa mpindo mdogo tu.

Ukisoma RNA yote, tumia maktaba (mkusanyiko wa vipande vilivyoandaliwa kusomwa) inayohifadhi mwelekeo wa uzi, la sivyo vipande vya Xist na Tsix vitachanganyika, kwa kuwa jeni hizo mbili zimelala mahali pamoja. Tatizo kubwa zaidi ni jenomu ya rejea, ambayo ni ya C57BL/6J: kipande kinachotoka CAST/EiJ kina herufi zinazotofautiana nayo, hivyo hupata shida zaidi kupangwa mahali pake na mara nyingine hutupwa. Matokeo yake ni kwamba C57BL/6J huonekana kuwa na RNA nyingi kuliko ilivyo. Dawa yake ni kuzifunika kwa herufi N nafasi zote zenye tofauti kabla ya kupanga vipande, kisha kuvigawa kwa programu kama SNPsplit. Ushahidi kwamba dawa imefanya kazi utaupata katika kromosomu zisizo X za sampuli hizohizo: wastani wa jeni zake kwa ujumla unapaswa kuwa 0.50. Usiendelee na X kabla hujauona wastani huo.

Hatua ya sita: kutoka hesabu za jeni hadi namba moja kwa kila panya

Jeni zote zinazozimwa kikamilifu katika panya mmoja zinapaswa kutoa takriban uwiano mmoja, kwa sababu zimo katika kromosomu ileile ndani ya seli zilezile. Ondoa kwanza jeni ambazo hukwepa kuzimwa, kama vile Kdm5c, Kdm6a, Ddx3x na Eif2s3x, ambazo huvuta uwiano kuelekea 0.50. Ondoa pia eneo la mwisho wa kromosomu lililo jirani na Mid1, ambako X na Y hubadilishana vipande. Ondoa jeni zenye vipande vichache: vipande 100 vyenye taarifa vina kosa la 0.05 kwa bahati tu, ilhali 1,000 hulishusha kosa hilo hadi chini ya 0.02.

Baada ya hapo chukua uwiano wa katikati, na si wastani. Jeni moja moja hutofautiana kwa sababu aleli ya koo moja inaweza kuwa na kichocheo chenye nguvu kuliko ya nyingine, na jeni ya namna hiyo hukengeuka upande uleule katika kila panya. Ukipanga jeni katika safu na panya katika nguzo utaiona mara moja. Xist iangaliwe peke yake, kwa sababu hutolewa na X iliyozimwa. Panya mwenye uwiano wa 0.30 kwa jeni za C57BL/6J anatarajiwa kuwa na 0.70 hivi kwa Xist ya C57BL/6J. Panya ambaye namba hizi mbili hazikamilishani ana kasoro ya sampuli, na arudiwe kabla ya kuingizwa katika uchambuzi.

Linganisha makundi kwa modeli inayotenganisha mtawanyiko wa usomaji na mtawanyiko wa panya, kama vile modeli ya beta na binomia, ukiingiza koo na mwelekeo wa upandishaji kama vigezo viwili tofauti.

Hatua ya saba: kutenganisha uchaguzi na ushindani wa seli

Mwegemeo unaweza kuzaliwa baada ya uchaguzi. Mfano ulio wazi ni uhamisho wa Searle, T(X;16)16H, ambapo kipande cha X kimeungana na kromosomu ya 16. Jike mkubwa mwenye uhamisho huo ana X ya kawaida iliyozimwa katika seli zake zote. Hata hivyo, uchunguzi wa viinitete ulielekeza kwamba seli zilizozima kromosomu iliyohamishwa huwepo mwanzoni, kisha hupotea kwa sababu dozi ya jeni zake haiko sawa. Aliyepima mnyama aliyekua peke yake angesema uchaguzi umeegemea kwa asilimia 100.

Kwa hiyo pima katika nyakati mbili: epiblasti ya siku 7.5, na mnyama aliyekua. Uwiano ukilingana katika nyakati zote mbili, uchaguzi ndio chanzo. Ukianza karibu na nusu na kuongezeka polepole, seli zinashindana. Linganisha pia ubongo na wengu wa mnyama mmoja, kwa kuwa ushindani hujitokeza zaidi pale seli zinapogawanyika kwa muda mrefu. Kwa athari ya Xce, mwegemeo unapaswa kuwepo tangu mwanzo na kudumu.

Hatua ya nane: kutafuta mahali pake

Mbinu inayovutia mwanzoni ni kupandisha majike chotara, kuchukua binti zao wenye X zilizochanganyika, na kumpima kila binti. Siishauri, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: mkengeuko wa 0.1 kati ya panya na panya hauruhusu kumhukumu binti mmoja kwamba amebeba aleli hii au ile.

Tumia madume. Jike chotara wa C3H na CAST/EiJ humpa kila mtoto wa kiume X moja iliyochanganyika, na dume huyo atawapa binti zake wote X hiyohiyo. Mpandishe kwa majike wa C57BL/6J, pima binti kumi au zaidi, na wastani wao utakuambia kama X ya baba ina nguvu kuliko Xce b, hivyo imebeba kipande cha CAST/EiJ, au ni dhaifu kuliko Xce b, hivyo imebeba cha C3H. Kila dume mwenye sehemu ya kuvunjika karibu na Xist hulibana eneo kutoka upande mmoja.

Tatizo ni uhaba wa madume hao. Kwa wastani wa jenomu ya panya, urefu wa jozi milioni moja za DNA hubadilishana vipande katika gameti moja hivi kati ya 200. Kwa sababu hiyo maendeleo makubwa yametokana na kutumia mabadilishano ya kale yaliyokwisha kutokea ndani ya koo zenyewe: unapima koo nyingi, unazigawa kwa nguvu ya X zao, kisha unatafuta kipande ambacho koo zenye nguvu sawa zinakishiriki. Ndivyo mwaka 2013 eneo la Xce lilivyobanwa hadi jozi 176,000 hivi za DNA, zilizo karibu jozi 500,000 kutoka Xist kuelekea sentromia (sehemu ya kromosomu inayoshikwa seli inapogawanyika). Eneo hilo limejaa vipande vilivyojirudia, na usomaji wa vipande vifupi hauwezi kusema kwa uhakika nakala ipi ni ipi. Kwa kazi hii tumia usomaji wa vipande virefu, na hesabu idadi ya nakala katika kila koo.

Hatua ya tisa: kuondoa kipande na kutazama

Jaribio la mwisho ni kukikata au kukibadilisha kipande unachokishuku, katika panya ambao sehemu nyingine zote za X hazikuguswa. Zingatia kipande kitapitishwa na mzazi gani. X isiyo na Xist ipitishwe na mama, kwa sababu ikitoka kwa baba haiwezi kuzimwa katika kondo la nyuma na kiinitete cha kike hufa. X isiyo na Tsix ipitishwe na baba, kwa sababu ikitoka kwa mama huzimwa katika kondo ambamo X ya baba tayari imezimwa, na viinitete vingi hufa. Rnf12 iliyoondolewa kwenye X ya mama huzuia kuzimwa kwa X ya baba katika tishu hizohizo, na binti hawaishi. Kwa kipande kipya ambacho tabia yake haijajulikana, pitisha kwa pande zote mbili na hesabu binti na wana wanaozaliwa katika kila uzao. Upungufu wa binti upande mmoja ni taarifa kamili kama ulivyo uwiano wa RNA.

Seli shina za kiinitete za jike chotara hukuruhusu kuona uchaguzi ukifanyika, kwa kuwa X zake zote mbili hufanya kazi hadi zinapoanza kubadilika kuwa seli za aina nyingine. Tatizo ni kwamba seli hizo hupoteza X moja kwa urahisi katika chombo. Kabla ya kila jaribio, rangisha DNA ya X kwenye viini na uhesabu asilimia ya seli zenye X mbili, na katika siku za mabadiliko hesabu wingu la RNA ya Xist katika seli zenye X mbili peke yake. Ukiondoa kipande cha Xce b kutoka kwenye X moja ya C57BL/6J, linganisho lako liwe na C57BL/6J asilia aliyetiwa alama ya herufi chache za koo nyingine mbali na eneo hilo, ili tofauti yoyote ya uwiano isiwe na pengine pa kutokea isipokuwa kipande ulichokikata.